Zamu ikiisha, maneno yanakwenda wapi?

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu hapa. Si kiburi jamani, ni majaribio ya katikati ya muhula pamoja na insha ya saikolojia ya elimu ambayo mpaka naandika haya sijaimaliza. Lakini mwisho wa wiki iliyopita nilikwenda nyumbani Bwejuu, na niliyoyasikia huko yamenikaa kichwani. Nimeona bora niyatoe kwanza, insha itafuata.

Safari yenyewe ya kawaida tu. Gari ya 324 inafika Tunguu imeshajaa kutoka mjini, nikasimama mpaka Jozani ndipo pakapatikana pa kukaa. Kufika nyumbani nikamkuta dada yangu kajiegemeza ukutani na kikombe cha chai, boflo halijaguswa, macho mekundu. Katoka zamu ya usiku.

"Shikamoo dada. Mbona hivyo, unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nimechoka na watu. Tumewekewa mtambo mpya wa meseji kazini, na sasa hakuna anayetaka kusema."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikavuta mkeka nikakaa.

Dada anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ukanda wetu huu wa mashariki. Jina nalihifadhi, sina nia ya kumharibia mtu biashara wala kumkatia dada riziki yake. Hoteli hiyo ina seva yake ya ujumbe. Msishtuke na neno seva. Ni kompyuta kongwe iliyowekwa chini ya meza ya ofisi ya nyuma, inaunganisha mapokezi, jikoni, stoo, wafanya vyumba na walinzi wa getini. Ukiandika mapokezi, jikoni wanasoma. Aliyeiweka alichukua programu ya bure ya ukoo wa Jabber, ule alioutoa Jeremie Miller wa Marekani mwaka 1999, na mwaka 2004 ukapewa kanuni rasmi za intaneti kwa jina la XMPP. Hata WhatsApp walipoanza walijenga juu ya seva ya ukoo huohuo, inaitwa ejabberd.

Uzuri wake kwa sisi watu wa shamba ni kwamba inafanya kazi ndani kwa ndani, haingoji intaneti. Mnakumbuka Mei 12, 2024, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na nchi ikahangaika? Dada anasema siku ile wageni walikuwa wanalia na simu zao, lakini jikoni na mapokezi waliendelea kuandikiana kama hakuna kilichotokea.

Ubaya wake ulikuwa mmoja, na hakuna aliyeuona mpaka siku ulipouma. Kwenye XMPP vyumba vya mazungumzo ya kundi viko vya aina mbili. Kuna cha muda, ambacho mtu wa mwisho akitoka nacho kinafutika. Na kuna cha kudumu, kinachobaki hata kikiwa kitupu. Hotelini neno chumba lina wenyewe, kwa hiyo wafanyakazi wanasema baraza, na mimi nitawafuata. Mabaraza yao yote yalikuwa ya muda. Hakuna aliyechagua hivyo kwa makusudi, ndivyo programu ilivyokuja na ndivyo ilivyoachwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka jana. Asubuhi moja mama mmoja mgeni alifika mapokezi akasema mtoto wake hali njugu kabisa, hata chembe, zinamdhuru. Dada akaandika palepale: familia ya chumba fulani, mtoto asipewe chochote chenye njugu. Jikoni wakajibu sawa. Mchana mtoto akala salama. Saa tisa alasiri zamu ikabadilika. Utaratibu ni kwamba anayetoka anafunga jina lake kabla anayeingia hajafungua lake. Jikoni wakafunga, mapokezi wakafunga, baraza likafutika. Zamu ya jioni ilipofungua ilikuta ukurasa mweupe.

Jikoni jioni ile alikuwepo kijana wa mafunzo, wiki yake ya kwanza. Akapika mchuzi wa kuku, akautia njugu za kusaga kama alivyofundishwa. Mtoto alikula vijiko viwili tu, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kubana. Akakimbizwa hospitali. Alhamdulillahi alipona.

Kesho yake kikao. Nani alisema? Nani aliambiwa? Dada anasema niliandika. Uliandika wapi, tuonyeshe? Hana cha kuonyesha. Wa jikoni wa mchana wanasema tuliwaambia wenzetu kwa mdomo. Wa jioni wanasema hatukuambiwa kitu. Lawama ikapita kwa mmoja mmoja, ikateremka, ikateremka, mpaka ikamfikia wa chini kabisa. Kijana wa mafunzo akaambiwa asirudi. Dada akapewa barua ya onyo.

Wadau, hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Mahali pa kazi ambapo maneno hayakai, kumbukumbu haipotei. Inabaki kwa watu fulani tu. Anayo mwenye cheo, anayo aliyekaa miaka kumi, anayo mwenye simu iliyojaa meseji za zamani. Asiyekuwa nayo ni mgeni, na asiyekuwa nayo ndiye anayebebeshwa mzigo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ofisi itumie pesa kuboresha seva yake ili mabaraza yawe ya kudumu, jibu langu ni ndiyo, itumie. Na sababu yangu kubwa ni yule kijana wa wiki ya kwanza, hata kabla sijamfikiria meneja na ripoti zake.

Tatizo lenyewe si la Bwejuu peke yake. IRC, mazungumzo ya kundi yaliyoanzishwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwaka 1988, kwa asili yake hayaweki kitu. Ukiingia saa nne, ya saa tatu hujui. Makampuni makubwa yakaona hasara hiyo. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kuinunua Parlano, kampuni yenye programu ya MindAlign iliyokuwa ikitumika sana kwenye mabenki, kwa ajili ya hayahaya mabaraza yanayokumbuka. Kwenye Lync Server 2013 ikawa ni sehemu kamili yenye hifadhidata yake, na msimamizi aliweza kufungua baraza la wazi, lililofungwa au la siri, hata baraza ambalo wachache wanaandika na wengine wanasoma tu. Halafu kwenye Skype for Business Server 2019 wakaiondoa na kuwaelekeza watu Teams. Slack, waliofungua milango mwaka 2014, jina lao lenyewe linatokana na maneno yenye maana ya kumbukumbu ya mazungumzo na ujuzi wote inayoweza kutafutwa. Maana yake watu wamelipa mabilioni kwa jambo ambalo mwalimu wa zamu wa skuli yoyote ya Unguja analifanya kwa daftari la kaunta.

Turudi hotelini. Baada ya ile kesi ya njugu uongozi ukamwita fundi. Dada alikuwepo siku hiyo, akamuuliza maswali mpaka fundi akachoka. Nimejifunza kwamba kazi yenyewe ina hatua mbili na watu wengi wanafanya ya kwanza tu. Hatua ya kwanza ni kulifanya baraza liwe la kudumu. Hiyo ni kubadili mipangilio tu, lakini inaokoa baraza, haiokoi maneno. Unaweza kuingia ukakuta baraza lipo, jina lipo, na mistari michache ya mwisho tu. Hatua ya pili ni kuwasha hifadhi ya ujumbe, ambayo kwenye XMPP ina kanuni yake, nambari 0313, inayomwezesha anayeingia leo kurudi nyuma na kusoma ya juzi. Kwa hiyo hatua ya pili seva inahitaji toleo jipya, hifadhidata ya uhakika, na programu za kwenye mashine na simu ziwe zinaijua kanuni hiyo. Zisipoijua, seva inaweka lakini mtu haoni.

Na bekapu, jamani. Sisi Unguja hatuhitaji kufundishwa na mtu kuhusu umeme. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima gizani, kuanzia Mei mpaka Juni, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa sababu ya ule waya wa baharini kutoka Bara. Wakati ule nilikuwa mtoto, ninachokumbuka ni harufu ya mafuta ya taa. Seva isiyo na betri wala nakala nje ya jengo itakumbuka kila kitu mpaka siku moja, halafu haitakumbuka chochote.

Basi fundi akamaliza. Mabaraza manne: mapokezi, jikoni, vyumba, ulinzi. Kila mtu anaona kila kitu tangu siku ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo, dada anasema, ilikuwa raha. Anayeingia anasoma kwanza ndipo anavaa sare.

Halafu likaja suala la taulo. Mfanya vyumba mmoja aliandika utani kwamba taulo za hoteli zimechakaa mpaka zinafaa kuchujia tui. Watu wakacheka, yakapita. Wiki tatu baadaye meneja anatafuta hesabu ya nguo za dobi, anarudi nyuma, anarudi nyuma, anakutana na tui. Mfanya vyumba akaitwa ofisini. Hakufukuzwa, hakukatwa mshahara, "alizungumzwa naye" tu. Lakini ilitosha. Kuanzia siku ile mabaraza yote manne yana maneno mawili: Sawa, na Imepokelewa. Mazungumzo ya kweli yakahamia kwenye grupu la WhatsApp ambalo meneja hayumo.

Ndiyo maana dada alikuwa na macho mekundu. Usiku ule dereva aliandika kwenye WhatsApp kwamba gari imeharibika na kuna mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege usiku wa manane. Dada bando lake lilikuwa limekwisha. Mgeni akakaa saa mbili na mizigo yake, na alipofika alimshushia dada mvua yote. Seva mpya, ya kisasa, inayokumbuka kila kitu, imekaa chini ya meza, na kilichotakiwa kukumbukwa hakimo.

Mtaniambia basi si wabaki na WhatsApp tu, kila mtu anayo. Hapana. Grupu la WhatsApp kumbukumbu yake iko kwenye simu ya kila mtu. Aliyeongezwa leo ya nyuma hanayo, mpaka mwenzake amrushie. Simu ikiibiwa Darajani, imekwenda na kazi. Mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na siri za wageni mfukoni. Lakini nikiri na uzuri wake: tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo anayeubeba njiani hawezi kuusoma. Seva ya kazini kwa kawaida haiko hivyo. Kwenye seva ya namna hiyo, ili mgeni aweze kusoma ya zamani, yanawekwa mahali pamoja, na anayeishika seva anaweza kuyasoma. Kwa hiyo hofu ya wafanyakazi wa dada si ujinga wala ushamba. Wameielewa seva vizuri kuliko aliyeinunua.

Sasa tufanyeje? Nilimwambia dada, na hapa narudia, kwamba ufundi umeshakwisha, kilichobaki ni makubaliano. Kwa maoni yangu ni manne.

La kwanza, makabidhiano ya zamu yawe na baraza lake na porojo ziwe na lake. La makabidhiano lihifadhiwe. La porojo lisihifadhiwe kabisa, liwe lile la muda, watu wakitoka lifutike na taulo zake. Mtu akijua wapi panakumbuka na wapi hapakumbuki, atasema kweli pote pawili.

La pili, yaliyohifadhiwe yawe na mwisho. Habari kwamba mtoto wa fulani anadhurika na njugu ni habari ya afya ya mtu. Mgeni akishaondoka, ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka taarifa zisikae zaidi ya muda unaohitajika kwa lengo lake. Kabla hamjaanza kuniuliza mambo ya Muungano, hebu fikirini kwa akili ya kawaida tu: utapenda maradhi yako yasomwe na kila anayeajiriwa hotelini hapo kwa miaka kumi ijayo?

La tatu, asiwepo mtu mmoja anayeweza kufuta au kubadilisha peke yake bila wengine kujua. Kumbukumbu inayoweza kuchezewa na mkubwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana sasa uongo una ushahidi.

La nne si langu, ni la dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema: "Mdogo wangu, yote mazuri. Lakini sisi wa chini tukikubali kuandikwa, na yeye meneja ataandikwa? Maana yeye amri zake zote anatoa kwa mdomo, akipita."

Nilinyamaza. Kweli nilinyamaza. Mimi ndiye ninayesoma chuo lakini yeye ndiye aliyeona shimo. Baraza likiandika ya mfanya vyumba na lisiandike ya meneja, basi kumbukumbu imerudi kulekule, ya mwenye cheo haionekani na ya mnyonge iko wazi. Kwa hiyo la nne: amri ya kazi isiyoandikwa barazani isihesabiwe amri, hata kama imetoka kwa mwenye hoteli.

Nyie wenzangu wa elimu mnaweza kusema haya ya hoteli hayatuhusu. Yanatuhusu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha muhula uliopita, kwenye skuli ambayo nayo siitaji, niliingizwa kwenye grupu la walimu siku ya kwanza. Kioo kitupu. Walimu wanasema "kama tulivyokubaliana", "lile suala la yule mtoto", mie natoa macho. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja nyuma ya darasa nikimuuliza hajibu, na mimi kwa ujinga wangu nikawa namwita mkaidi mbele ya wenzake. Wiki ya tatu ndipo mwalimu mmoja ananiambia kama anayesema habari za mvua: "Yule sikio moja halisikii, si tulishasema kwenye grupu?" Walisema. Lakini walisema kabla sijafika. Siku ile nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi mtoto, akatabasamu, lakini wiki tatu zake sikuweza kuzirudisha.

Ndiyo maana sina utani na jambo hili. Tunafundishwa azimio la kazi, tunafundishwa andalio la somo, na yote hayo ni kuhakikisha mwalimu akiumwa leo, wa kesho anajua aanzie wapi. Tukifika kwenye meseji tunasahau tuliyofundishwa, tunaacha mambo ya watoto yapotee kwenye simu za watu. Skuli haihitaji seva ya mamilioni. Inahitaji mahali pamoja ambapo mgeni anaweza kurudi nyuma akasoma, na watu wazima waliokubaliana nini kiandikwe humo, nani asome, na lini kifutwe.

Jana usiku dada alinipigia. Aliomba nafasi kwenye kikao, akayasema yote manne mwenyewe. La porojo limekubaliwa. La kufuta habari za wageni limekubaliwa, fundi anarudi wiki ijayo kuliweka. La kutochezea kumbukumbu nalo limepita. La amri za wakubwa kuandikwa, meneja alisema "tutaliangalia". Mnaijua wenyewe "tutaliangalia" ya Kiswahili.

Nikamuuliza, na yule kijana wa mafunzo je? Akasema hakuna aliyemtaja. Nikamwambia basi la tano hilo, kamtaje wewe kwenye baraza la makabidhiano, aandikwe kwamba ujumbe ulikuwepo ukapotea na yeye hakuupata. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema ataandika akiingia zamu.

Mniambie na nyie, huko mlikokwenda mazoezi mlikuta nini. Mimi narudi kwenye insha yangu. Naomba kuwasilisha.